Uyoga hausubiri: simu, kamera, brashi au chapa ya spora?

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, nje kidogo ya Korogwe, juu ya lundo la makapi ya mkonge. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na lundo lote lilifuka mvuke kama ugali uliopakuliwa sasa hivi. Juu yake ulikuwa umeota uyoga wa kijivu, mwingi kupita kuhesabu, kila mmoja na kofia ndefu iliyofumba kama yai lililosimamishwa, na juu ya kofia vinyoya vyeupe kama vya kifaranga wa siku moja. Saa tatu kofia zile zilikuwa zimefunguka na kingo zake zimejikunja juu. Saa tano palibaki vijiti vyeupe vilivyolala, na matone meusi yametapakaa kwenye makapi.

Wataalamu wanauita Coprinopsis cinerea. Katika maandishi ya zamani kidogo utaukuta kwa jina la Coprinus cinereus. Haukuwa mgonjwa. Ndiyo tabia yake: ukishakomaa hujimeng'enya wenyewe kuanzia ukingoni na kugeuka wino, ili spora zake, yaani chembe zake za uzazi, zipate nafasi ya kutoka. Mimi saa ile nzuri kuliko zote niliitumia kufungua stendi, kubadilisha lenzi na kufuta ukungu kwenye kioo. Nilipokuwa tayari, kofia zilikuwa zimeanza kuchuruzika. Bibi mmoja aliyekuja kuchuma alisimama akanitazama nimelala kifudifudi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona unahangaika na uliokwisha? Huo hata chunguni haufai, unakuwa maji meusi. Njoo huku, uliofumba uko huku."

Akanipeleka upande wa pili wa lundo, kwenye kivuli, ambako uyoga ulikuwa bado kama mayai. Nilichomoa simu nikapiga. Picha ninayoipenda zaidi ya siku ile ndiyo hiyo.

Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue kifaa gani ili apige picha au achore uyoga, namrudishia maswali mawili: ni uyoga gani, na ukirudi nyumbani unataka uwe na nini mkononi? Uyoga mmoja hukupa saa tatu, mwingine siku tatu, na ile migumu inayoota kwenye magogo hukupa hata mwaka. Njia inayofaa kwa mmoja hukuangusha kwa mwingine. Nimezijaribu njia nne kwa misimu kadhaa ya masika na vuli, na ya tano kwa kiasi kidogo.

Simu na kamera

Wengi huidharau simu, na hapo ndipo wanapokosea. Kwa uyoga ina faida mbili ambazo kamera kubwa haina. Ya kwanza ni wembamba wake. Uzuri wa uyoga uko chini ya kofia, mahali ambapo jicho la mtu aliyesimama halifiki. Igeuze simu kichwa chini ili lenzi iwe karibu kabisa na udongo, uiegemeze kwenye jani au kwenye kandambili yako. Ghafla uyoga wa sentimita tano unasimama kama mbuyu, na matamvua yake yanaonekana yakipitisha mwanga. Nayaita matamvua kwa kuwa yamepangana kama yale ya samaki ukimfunua shavu. Kamera yenye lenzi nzito haifiki chini hivyo mpaka uichimbie shimo, na kuchimba pembeni ya uyoga ni kuuharibu.

Faida ya pili inatokana na udogo wa kihisi chake, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga na kuunda picha. Kwa simu, kofia, shina na majani makavu ya pembeni vyote hutoka vikali kwa pamoja. Kwa kamera yenye lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, mambo ni kinyume. Ukisogea mpaka uyoga uonekane kwenye kihisi kwa ukubwa wake halisi, yaani 1:1, na ukafunga tundu la lenzi hadi f/8, sehemu iliyo kali ni kama milimita moja tu. Ukingo wa kofia uko wazi, katikati ya kofia ni ukungu. Kuna wanaoupenda ukungu huo, na kwa uyoga mmoja kwenye giza la msitu unapendeza kweli. Lakini ukitaka uyoga mzima uwe mkali, itakubidi upige picha kumi hadi ishirini, kila moja ukiisogeza fokasi kidogo, kisha uziunganishe kwa programu. Hapo huna budi kuwa na stendi, huna budi kutumia kihesabio cha sekunde mbili ili mkono usitikise, na upepo uwe umetulia. Uyoga wa lundo la mkonge haukupi nafasi hiyo.

Udhaifu wa simu nao ni wa kweli. Uyoga mweupe kwenye udongo mweusi huichanganya: inaona giza, inaongeza mwanga, na kofia inatoka kama kipande cha karatasi kisicho na mstari wowote. Gusa skrini palepale kwenye kofia, kisha teremsha mwanga kwa kidole mpaka uvione vinyoya. Chini ya miti, majani hutia kila kitu ukijani. Daftari lililofunguliwa ukurasa mweupe na kuwekwa upande wa kivuli husaidia sana, kwa sababu hurudisha mwanga safi chini ya kofia. Flashi niliiacha kabisa. Inaukausha uyoga machoni, unaonekana wa plastiki. Na usisogee mno: simu nyingi hazishiki fokasi chini ya sentimita saba au kumi, na zenye modi ya makro zikifika sentimita tatu kivuli cha simu yenyewe kinaufunika uyoga. Rudi nyuma kidogo, picha utaipunguza baadaye. Zile lenzi ndogo za kubana kwenye simu nilizozijaribu zilikuwa kali katikati tu, pembeni picha ikaponyoka.

Basi kamera inashinda wapi? Inashinda kwenye vitu vidogo vinavyosubiri. Kwenye msitu wa Amani, katika magogo yaliyolala kando ya njia, huota vikombe vidogo vya rangi ya waridi au chungwa, jamii ya Cookeina, vingine na vinywele ukingoni. Kikombe kimoja ni kidogo, upana wake kama wa sarafu hivi. Mvua ikinyesha hujaa maji, na ndani ya maji hayo utaona msitu mzima umepinduka. Simu huviona vikombe kama madoa ya rangi. Lenzi ya makro huonyesha kila kinywele na tone lililokiinamia. Vikombe hivyo hudumu siku kadhaa, kwa hiyo unaweza kurudi kesho wingu likitanda, maana mwanga wa mawingu ndio mwanga wa uyoga. Jua kali hupasua picha vipande vya nyeupe na nyeusi. Kukiwa na jua, fungua mwavuli juu yako na juu ya uyoga.

Kwa upande wa fedha, sitaki kumdanganya mtu. Lenzi mpya ya makro ya kampuni yenye jina huzidi shilingi milioni moja, na hapo hujanunua kamera. Kama kamera unayo tayari, tafuta kwanza pete za kurefusha lenzi. Ni pete tupu zisizo na kioo ndani. Unazifunga kati ya kamera na lenzi uliyonayo, na lenzi inaweza kuona karibu zaidi. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya lenzi. Utapoteza mwanga kiasi na hutaweza kulenga kitu cha mbali, lakini uyoga hauko mbali. Nilikaa misimu miwili na pete hizo kabla sijanunua lenzi, na kuna picha za wakati ule ambazo mpaka leo sijazipita.

Brashi

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiyo njia ambayo watu huiogopa bure, wakidhani ni lazima mtu awe amezaliwa na kipaji.

Picha, hata iwe nzuri namna gani, huonyesha uyoga mmoja, kwa upande mmoja, kwa dakika moja. Mchoro wa rangi za maji unaweza kuweka kwenye karatasi moja kofia kwa juu, matamvua kwa chini, uyoga uliopasuliwa katikati uonyeshe kama shina lina uwazi, mtoto wake ambaye bado amefumba na mzee wake aliyechakaa. Ni ukoo mzima mahali pamoja. Hakuna lenzi inayofanya hivyo kwa pigo moja.

Aliyenifundisha jambo hili ni Beatrix Potter, Mwingereza anayejulikana zaidi kwa hadithi za watoto za sungura. Kabla ya sungura wale kumpa jina alichora uyoga kwa miaka mingi, mamia ya michoro ya rangi za maji, mingi ikiwa leo katika makumbusho ya Armitt huko Ambleside. Mshauri wake alikuwa tarishi wa Uskoti, Charles McIntosh, aliyeujua uyoga kwa kuupita kila siku njiani akigawa barua. Alimtumia vielelezo kwa posta, na akamshauri achore pia uyoga uliopasuliwa, ionekane jinsi matamvua yanavyoshikana na shina. Ushauri huo mdogo uligeuza picha za kupendeza kuwa kumbukumbu za kitaalamu. Mwaka 1897 makala yake kuhusu kuota kwa spora iliwasilishwa katika chama cha wanasayansi cha Linnean Society mjini London, naye hakuwamo ukumbini, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kuhudhuria. Mwaka 1967, miaka 24 baada ya kufa kwake, michoro yake 59 ilitumika katika kitabu cha kutambua uyoga wa Uingereza. Michoro ya msichana aliyekuwa amekaa na brashi karibu na kofia inayonyauka ilikuwa bado inafanya kazi.

Mahitaji ni machache: boksi la rangi za maji, brashi moja nene na moja nyembamba, penseli, na karatasi nzito. Kwenye karatasi usibane matumizi. Ya gramu 300 kwa mita ya mraba hustahimili maji. Ya daftari hujikunja na kuchubuka, nawe utadhani kosa ni lako. Mimi nilidhani hivyo mwaka mzima.

Kosa la pili langu lilikuwa kuanza na umbo. Nilikuwa nachora kwa penseli nusu saa nzima, nafuta, narudia, na nikifika kwenye rangi uyoga umebadilika. Rangi ndiyo hukimbia kwanza. Sasa uyoga ukiwa bado mbichi naanza kwa kuchanganya rangi pembeni ya karatasi, naweka vijisanduku: hii ya kofia katikati, hii ya ukingo, hii ya matamvua, hii ya shina. Dakika kumi tu. Kuna uyoga ambao nyama yake hugeuka bluu ukiukata, na bluu ile nayo ina dakika zake. Ipakie hapo hapo. Umbo halina haraka kiasi hicho, unaweza kulimalizia jioni ukitazama picha uliyopiga kwa simu. Ndiyo maana nasema simu na brashi havishindani.

Mng'ao wa kofia iliyolowa haupakwi, huachwa. Unalowesha kofia yote kwa maji safi isipokuwa lile doa linalong'aa, kisha unagusa rangi upande wa kivuli na kuiacha itembee yenyewe. Fikiria Amanita muscaria, ule uyoga mwekundu wenye madoa meupe uliomo katika kila kitabu cha watoto cha Ulaya. Umeingia Afrika Mashariki pamoja na misonobari, kwa kuwa huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti kama hiyo, na mtu hushangaa kuuona kwenye shamba la miti ya mbao kana kwamba umetoka kitabuni. Madoa yake meupe ni karatasi yenyewe: yaache tangu mwanzo, zungusha wekundu kando yake. Ukijaribu kuyapaka meupe juu ya wekundu ulio bado na maji utapata pinki. Na ni uyoga wa sumu. Kuushika si hatari, kuuchora ni raha, kuula ni maafa. Nawa mikono kabla ya kugusa chakula.

Uyoga wa kichuguu, jamii ya Termitomyces, unafaa brashi kuliko wote ninaoujua. Shina lake haliishii kwenye udongo. Hushuka kama mzizi mrefu hadi kwenye bustani ya mchwa iliyo ndani ya kichuguu, na ukipata mwenyeji anayejua kuuchimbua taratibu utaona sehemu iliyofichika ikizidi ile iliyo juu. Kamera huona mwavuli mpana wa rangi ya kahawa na ncha yake katikati. Mchoro unaweza kuuteremsha mzizi mpaka chini ya ukurasa na kuweka mchwa pale unapoishia.

Chapa ya spora, na ubao wa Tingatinga

Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, na ndiyo isiyojulikana. Kata shina, laza kofia kwenye karatasi matamvua yakiangalia chini, dondoshea tone moja la maji juu yake, funika kwa bilauri, nenda kalale. Asubuhi inua kofia taratibu. Spora zimedondoka kwa mamilioni na kuuchora uyoga kwa unga wake wenyewe: miale kutoka katikati kwenda ukingoni, myembamba kuliko penseli yoyote. Tumia karatasi iliyo nusu nyeupe nusu nyeusi, kwa sababu hujui utapata rangi gani. Termitomyces hutoa waridi hafifu. Uyoga wa mamama unaolimwa na kuuzwa sokoni hutoa nyeupe au zambarau iliyopauka, kwa hiyo unataka upande mweusi. Ule mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia unaoota kwenye bustani za majani baada ya mvua, Chlorophyllum molybdites, hutoa kijani. Wa kwanza nilipoufunua nilidhani karatasi imeota ukungu. Kijani hicho ni cha kukumbuka, kwa sababu uyoga huo umewaumiza wengi matumbo, wakiudhania wa kuliwa.

Ili unga usifutike, puliza spreyi ya nywele kutoka umbali wa mkono mmoja, mara mbili tatu, kidogo kidogo. Ukipuliza karibu utaupeperusha wote. Wenye pumu wasifanyie kazi hii kwenye chumba kilichofungwa; hata wakulima wa uyoga hupata shida ya mapafu kwa kuvuta spora nyingi.

Na ule uyoga wa makapi ya mkonge unaojiyeyusha? Weka kofia zake kwenye kikombe asubuhi, jioni una wino mweusi. Uchuje kwa kitambaa, uuchemshe kidogo na karafuu chache ili usinuke upesi, kisha chovya kalamu ya nibu. Nimeuchora uyoga ule kwa wino wake wenyewe. Mstari wake ni wa kahawia iliyokolea kuliko mweusi, una punje ndogo, na hakuna duka linalouuza.

Ubao wa Tingatinga nauweka mwisho kwa kuwa hauhitaji uyoga uwepo. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 Dar es Salaam, akipaka rangi za enameli, zile za kupakia baiskeli, kwenye vibao vya dari. Enameli hukauka polepole, haitoi unyevu wala mwanga unaopita kwenye matamvua. Lakini Amanita muscaria kwenye ubao huo ni kama umezaliwa hapo: rangi moja iliyojaa, mstari wa wazi, na madoa, ambayo mikono ya mafundi wale imeyazoea kwa chui na kanga wa porini. Ukitaka kitu cha ukutani chenye furaha, tafuta fundi, mpelekee picha yako ya simu, muache aichezee.

Uchukue ipi

Kama ndiyo unaanza na simu unayo, usinunue chochote msimu huu isipokuwa penseli, boksi la rangi na karatasi chache nzito. Piga kwa simu, weka vijisanduku vya rangi hapo hapo, malizia nyumbani. Kama una kamera tayari na moyo wako uko kwenye vitu vidogo vya kwenye magogo, pete za kurefusha kwanza, lenzi baadaye. Kama una watoto nyumbani, au huna subira ya kuchora, anza na chapa: nunua uyoga wa mamama ambao kofia zake zimefunguka vizuri, na usiku huo huo utakuwa umeanza. Mtu anayetaka michoro yake iwasaidie wataalamu siku moja achague brashi bila kusita, aandike tarehe, mahali, uyoga umeota juu ya nini, na ubavuni abandike chapa ya spora. Tumbo lake lakini asiliamulie kwa picha, wala kwa programu ya simu inayodai kutambua uyoga kwa sekunde mbili. Hapo anayeaminika ni mwenyeji aliyeuchuma tangu utotoni mahali hapo hapo.

Piga picha kabla ya kugusa. Ukihitaji wa kupasua, chukua mmoja, uliozeeka ukipatikana, na ndani ya hifadhi kama Amani usichume hata huo mmoja bila kibali.

Kwangu mimi begi la masika sasa ni hili: simu iliyochajiwa usiku, daftari la kurasa nyeupe, boksi la rangi, kibuyu kidogo cha maji, mwavuli, na kopo la plastiki lenye karatasi nyeusi na nyeupe chini yake, ili kofia ianze kutoa chapa nikiwa bado barabarani kurudi. Kamera hukaa nyumbani, isipokuwa nikiwa na uhakika kwamba ninakoenda kuna magogo.